Belgrade Hadi Vienna Haiwezi Kuwa Saa Moja na Robo

Bi. Dobrila Savković,
Ghorofa ya nne, mlango wa 17,
Karaburma, Belgrade.
9 Oktoba

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Umbali wa Miji na Muda wa Ndege,
(mji wenu hamkuuandika popote, mtu wa posta atautafuta, ndiyo kazi yake)

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUFUTWA KWA SAA MOJA NA ROBO

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na watoto wako, kama unao, na kama huwa wanakuja kukuona. Mimi sijambo, ukiacha goti la kushoto, lakini sikuandikii habari za goti.

Naandika kuhusu ule ukurasa wenu wa kwenye simu, ambako mtu akitaja miji miwili mnamjibu papo hapo ni kilomita ngapi na ndege inachukua muda gani, bila hata kumuuliza anataka kujua kwa nini. Tarehe pili mwezi huu jirani yangu Zagorka, wa mlango wa 18, aliandika Belgrade na Vienna, tukiwa tumesimama kwenye ngazi kupumzika, akanisomea jibu lenu kwa sauti iliyofika ghorofa ya sita. Kilomita 490. Saa moja na dakika kumi na tano.

Mheshimiwa, namba hiyo ni ya uongo. Naomba ifutwe, na hapa chini naeleza sababu zangu kwa utaratibu, maana nimefundishwa kuandika barua.

Kwanza unijue. Mimi si mtu wa kubahatisha vipimo. Nimeuza vitambaa kwa mita miaka thelathini na moja, duka moja, meza moja, na sijawahi kumpunja mteja hata upana wa kidole. Mtu akipima vibaya mimi namjua kwa anavyoshika tu kitambaa. Nyie mmepima vibaya.

Ushahidi wangu mkubwa ni mwanangu. Anaitwa Veljko, anaishi Vienna, ni fundi wa lifti, tena lifti za majengo ambayo wanasheria wanakaa. Hunipigia kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Kila mwaka, ikikaribia tarehe 31 Oktoba, namuuliza kama atakuja kwenye slava yetu, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba, na kila mwaka hujibu, "Mama, ni mbali." Nikimuuliza mbali kiasi gani, husema, "Mbali tu, Mama. Umekula?" Amenijibu hivyo miaka sita, na Jumapili iliyopita ikawa ya saba.

Sasa, Ndugu Mkurugenzi, tuko mbele ya watu wawili. Mmoja anasema ni mbali, mwingine anasema ni saa moja na robo. Lazima mmoja wao anadanganya. Yule wa kwanza nimemzaa mimi, kilo nne na gramu mia mbili, na tangu aanze kusema hajanidanganya ila mara moja, kuhusu kioo cha mlango wa chini, na hata hapo alikuja kuungama kabla ya chakula cha jioni. Nyie siwajui. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na nyie yenu mmeiandika wenyewe ni fupi kiasi gani.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Namba yenyewe haiingii akilini. Sarma, ile kabichi tunayoviringishia nyama, inataka saa nne jikoni. Mwanamke asiye na aibu atakutolea kwa saa tatu. Kwa saa moja na robo kabichi bado ngumu na mchele bado unalia kwenye meno. Mnataka niamini kwamba mtu anaweza kutoka kwangu, akavuka Hungary nzima na watu wake wote, akaingia nchi yenye pesa nyingine na lugha nyingine, na kabichi niliyoiacha jikoni haijalainika? Marehemu mume wangu Radivoje alikwenda Vienna kwa treni mwaka 1974. Aliondoka amenyoa ndevu, akafika zimeota. Alirudi na mashine ya kusagia kahawa na mguu mmoja umevimba, na mpaka anafariki, miaka tisa iliyopita, alikuwa bado hajamaliza kusimulia. Huyo ndiye mtu aliyesafiri. Kitambaa kikifuliwa hunywea, hilo nalijua kuliko nyie, lakini sijasikia mahali popote kwamba ardhi baina ya miji hii miwili imefuliwa.

2. Namba yenu imenivunjia heshima jengo zima. Huyu Zagorka ana mtoto wake wa kiume anayekaa Pančevo, ng'ambo ya mto tu hapo. Huja kila Jumapili na mfuko wa nguo chafu, hula, hulala kwenye kochi, huondoka na nguo safi, na mama yake anaita huko kutembelewa. Mimi nilikuwa namsikiliza bila neno, kwa sababu wa kwangu yuko mbali, na mtu wa mbali hana lawama. Nilikuwa na nafasi yangu kwenye ngazi hii. Watu walinionea huruma ya heshima. Tangu tarehe pili mmeichukua. Zagorka aliponisomea alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Saa moja na robo, jirani? Mimi kwa daktari wa macho hukaa zaidi ya hapo, na natoka bila miwani." Nikamwambia simu yake ni ya zamani. Akawa anapangua vitunguu kwenye mfuko wake kama anatafuta kimoja alichokipoteza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Labda hataki tu kuja, Dobrila."

Iliniuma. Naandika hivyo waziwazi, kwa sababu hii ni barua ya malalamiko na maumivu ni sehemu yake.

Lakini mimi nikiumia huwa napiga hesabu, na hesabu ni hii. Kama ni karibu na haji, basi hanipendi. Ananipenda, huniuliza kila Jumapili kama nimekula. Kwa hiyo si karibu. Mpe mtoto wa darasa la tatu hesabu hiyo, atakuletea jibu hilohilo.

3. Sikutaka kuwalaumu bila uchunguzi. Jumamosi iliyopita nilipanda basi mpaka uwanja wa ndege, nikiwa na chupa ya kahawa na kipande cha mkate wa jibini, nikakaa kwenye benchi mbele ya ule mlango wanaotokea wasafiri, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Ndege tatu kutoka Vienna ziliandikwa kwenye ubao kwamba zimetua. Nikawaangalia watu wake mmoja mmoja. Mheshimiwa, hawakuwa wamesafiri. Mashati hayana mikunjo. Mwanamke mmoja alitoka rangi ya mdomo iko palepale alipoipaka. Mwanamume mmoja alikuwa na maua, maua hayajanyauka. Hakuna hata mmoja aliyetoka akatafuta pa kukaa.

Nikamsimamisha kijana mmoja mwenye mkoba wa mgongoni. Nikamuuliza, "Mwanangu, umetoka Vienna kweli?" Akasema, "Ndiyo, mama." "Njiani umekula nini?" "Biskuti." "Ngapi?" "Moja, mama. Ndiyo waliyonipa." Basi nikajua. Kwetu sisi mtu akienda Šabac tu, hapo, anabeba kuku mzima wa kuchoma na mayai ya kuchemsha, na bado njiani watu huulizana kama kitatosha. Hakuna binadamu anayetoka nchi ya kigeni kwa biskuti moja. Sijui yule kijana alitoka wapi. Alikuwa na adabu, sitaki kumharibia.

Baadaye akaja mlinzi, kwa heshima, akaniuliza, "Bibi, unamsubiri nani?" Nikamjibu namsubiri mtu yeyote aliyechoka. Akafikiri, akasema, "Waliochoka, bibi, wanatoka kwenye ndege ya Amerika. Mpaka kesho." Nikaiandika. Inaonyesha kwamba safari za mbali zipo na ofisi yenu inazijua, ila mmeziandika kwenye miji isiyohusika.

Naomba pia iandikwe kwamba kila mlango ule ulipofunguka niliangalia juu, kimo cha mita moja na sentimita themanini na nane. Ilikuwa ni kwa ajili ya uchunguzi tu.

4. Mwezi Septemba nilituma Vienna chupa mbili za ajvar, pilipili zangu mwenyewe, nilizochoma, nikamenya, nikakoroga mpaka bega likagoma. Zilifika baada ya siku kumi na tisa. Posta ni ya serikali na haina sababu yoyote ya kunidanganya mimi. Mniambie basi: pilipili iliyofungwa vizuri, yenye anwani kwa herufi kubwa, isiyosimama njiani kunywa kahawa wala kusalimiana na watu, inachukua siku kumi na tisa, halafu mtu, mwenye miguu na mizigo na mambo yake, achukue saa moja na robo?

5. La tano lilinijia nikiwa kwenye foleni ya mkate, na sasa limenitoka. Lilikuwa zito kuliko hayo mengine. Naomba mlihesabu hivyohivyo.

6. Mmeandika namba moja kwa kwenda na kwa kurudi. Hapa ndipo nilipojua kwamba ofisini kwenu hakuna hata mtu mmoja mwenye mtoto. Kwenye jengo letu peke yake, vijana waliokwenda ni kumi na moja: Vienna, Munich, Malmö, mmoja yuko mahali ambapo hata mama yake hawezi kupataja bila karatasi. Waliorudi ni mmoja, na huyo alirudi kwa sababu ya figo. Njia ambayo watu kumi na mmoja wanaishuka na mmoja tu anaipanda si njia yenye urefu mmoja. Ni mteremko. Kwenda kwake sibishani sana, yawezekana kweli ni saa moja na robo. Nakumbuka Veljko alivyoondoka mara ya kwanza, kijana wa miaka ishirini na tatu, kahawa yake ilikuwa bado ina mvuke mezani. Kurudi ndiko ninakokulalamikia. Kwenye safu ya kurudi mnatakiwa muandike kile kinachoonekana kwa macho, yaani miaka saba.

7. Nina mjukuu. Anaitwa Lena, Veljko amempata huko, ana miaka sita. Nimemwona kwenye simu, kidevu na tundu moja la pua, kwa sababu huishika simu vibaya kama baba yake alivyokuwa akishika kijiko. Mwalimu wao aliwaambia watoto wachore mahali bibi zao wanapokaa. Wengine walichora nyumba, mmoja alichora ng'ombe. Lena alichora simu. Veljko alinisimulia huku akicheka, nami nikacheka, na baada ya kukata simu nilikaa jikoni nikiwa nimeshika kitambaa cha vyombo na sikuwa na chombo cha kufuta. Mtoto wa miaka sita hasomi kurasa zenu. Yeye amepima mwenyewe, kwa kipimo chake, akaona bibi yake hayuko mahali popote ambapo mtu anaweza kufika. Nyie na vyombo vyenu vyote mnasema saa moja na robo. Mimi namwamini mtoto.

8. Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, maana hayo mengine ningeweza kuyameza.

Tarehe 31 Oktoba ni slava yetu, Mtakatifu Luka. Kama kwenu hamna, mjue tu kwamba wageni hawaalikwi. Aliyekuja mara moja huja kila mwaka mpaka afe, na akifa huja mwanawe. Kwangu wanakuja kama thelathini. Mshumaa unawashwa asubuhi na unawaka siku nzima. Padri anakuja, mkate unashikwa, yeye upande mmoja na mwenye nyumba upande mwingine, wanauzungusha pamoja, wanaumiminia divai, wanauvunja. Mwenye nyumba ni baba. Baba akifa, ni mwana. Miaka sita sasa upande wa pili wa mkate naushika mimi. Padri Gavrilo ni mtu mwema, ana nyumba nyingine kumi na moja za kuwahi siku hiyo, na mwaka wa kwanza nilipoona haya kuushika aliniambia, "Shika tu, Dobrila. Mtakatifu Luka si karani." Basi nikashika. Lakini mwaka jana, akiwa anavaa viatu mlangoni, aliniuliza, "Na siku ukiondoka wewe, mshumaa huu atauwasha nani?" Nikamwambia Veljko, ila ni mbali. Akanitazama, akafunga kamba za viatu, akaenda zake.

Ukoo wa Savković umewasha mshumaa huo tangu kabla ya vita ambavyo hakuna anayevikumbuka. Ulipita kwa wanaume saba. Kwa wa nane umekwama, kilomita 490 kwa mujibu wenu.

Na mwaka huu hali ni mbaya zaidi kwa sababu yenu. Wageni thelathini wataingia, watavua viatu, watalamba kijiko cha jamu ya kukaribishia wageni na kunywa maji yao, na kabla hawajakaa watauliza, "Veljko yuko wapi?" Miaka sita nimekuwa nikijibu ni mbali, nao wakiitikia kwa kichwa na kuendelea na supu. Mwaka huu Zagorka atakaa pale karibu na bakuli la supu, na simu yake iko mfukoni imejaa chaji. Nikisema mbali, ataitoa.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo.

Kwamba umbali kati ya Belgrade na Vienna usomeke saa tisa. Nimeuza dukani, najua namba ya kwanza si ya mwisho. Kama saa tisa ni nzito kwenu, nitapokea saa sita, lakini chini ya sita sishuki. Mnaweza kuandika kuna milima. Mnaweza kuandika upepo wa mbele. Hakuna atakayekwenda kuangalia.

Kwamba mnipe barua yenye muhuri inayosema hivyo, ifike kabla ya tarehe 31, nami nitaiweka kwenye fremu, juu ya televisheni, usawa wa macho ya Zagorka.

Kwamba kuanzia sasa mtu akiwaandikia miji miwili, msimjibu kwa pupa. Muulizeni kwanza nani yuko huko. Akiwajibu ni mtoto wake, mpeni kilomita anazoweza kuzibeba.

Natanguliza shukrani, na samahani kwa mwandiko. Goti linaathiri hata mkono, daktari anasema haiwezekani lakini yeye pia anakosea vipimo. Wasalimie makarani wote wa ofisi yako, na wale wenye kuchora ramani, na marubani wa njia hiyo pamoja na mama zao, kama bado wako hai na wanatembelewa. Jengo letu lote linakusalimu, isipokuwa mlango wa 18, ambao haujui kwamba naandika.

Nabaki mimi, mpimaji mwenzenu niliyestaafu,

Bi. Dobrila Savković

Nyongeza, 10 Oktoba.

Jana nilikuwa nimeshaifunga bahasha Zagorka alipogonga kuomba chumvi. Nikaona heri nimsomee barua yote, ajue nimechukua hatua. Nikaifungua. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hiyo si tabia yake. Kisha akasema, "Dobrila, kurasa sita, na mkwe wako hayumo hata kwa jina. Huyo mtoto ulivyomwandika, ni kama Veljko alimpokea posta."

Nikamwambia mkwe hahusiki na mambo ya kilomita. Akasema, "Ahusike nani basi?" Akachukua chumvi, akaenda kwake, akafunga mlango taratibu. Siku zote huubamiza.

Kwa kuwa nyie ni ofisi ya vipimo, si haki niwafiche kimoja.

Mkwe wangu anaitwa Verena. Ni mwenyeji wa Vienna, na watu wa huko wamelelewa kufungua madirisha ili nyumba ipate hewa, hata kukiwa na baridi, hata kukiwa na watu ndani. Miaka saba iliyopita, siku ya slava, wageni wakiwa mezani na moshi wa sigara umejaa, alifungua dirisha la jikoni na la sebuleni kwa wakati mmoja. Alidhani anatusaidia. Upepo ukapita katikati ya nyumba, kitu ambacho kwetu kinaua, muulizeni yeyote. Shemeji yangu akashika shingo. Na mshumaa wa Mtakatifu Luka, ambao hauzimwi kwa pumzi, huzimwa kwa divai, tena na mwenye nyumba, ukazimika wenyewe mbele ya watu thelathini.

Nilisimama nikasema mwanamke huyu asikanyage tena kizingiti changu maadamu mimi ni hai. Nilisema kwa Kiserbia, lakini alielewa. Veljko alimvalisha mkewe koti, akamfunga vifungo vyote yeye mwenyewe, kwa sababu Verena alikuwa na mimba na nje kulikuwa na baridi. Wakashuka kwa miguu, lifti ilikuwa mbovu; alikuwa ameahidi kuitengeneza kesho yake. Mpaka leo tunapanda ngazi.

Hajawahi kunikumbusha. Miaka yote hii ananipigia na kuniambia ni mbali, ili asilazimike kuniambia nilichosema mimi. Hicho ndicho kipimo nilichokuwa nawaficha, na nilikuwa najificha nacho mwenyewe.

Leo asubuhi nimefungua madirisha yote mawili. Nimesimama katikati, kichwa wazi, robo saa kwa saa ya ukutani. Shingo haijanishika. Nyumba imeingia baridi na harufu ya mkate kutoka kwa mwoka mikate wa chini, basi.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, naomba radhi kwa usumbufu. Namba yenu muiache palepale ilipo. Barua yenye muhuri siihitaji tena. Zagorka amenikatia tiketi kwenye simu yake, ya tarehe 24, na kuku nitamchoma tarehe 23. Veljko sijamwambia. Naogopa akijua atakuja kunipokea, halafu maneno yangu niyamalizie kwake, nami yule ninayetakiwa kusema naye si yeye.

Mmeandika saa moja na robo, na sasa nawaamini. Naomba tu mnijibu swali moja, kwa maandishi, kabla ya tarehe 24. Humo ndani mmehesabu na ule muda ambao mtu anasimama mbele ya mlango wa mkwewe kabla ya kubonyeza kengele, au huo kila mtu anajiongezea mwenyewe?